Jembe Lisilolia

Jembe la kwanza halikulia. Halfani alilitoa kwenye maji, akalishika kwa ncha za vidole na kuligonga kwa nyundo ndogo, kama baba yake alivyofanya na babu yake kabla ya baba, maana katika nyumba ile jembe halikutoka kibandani mpaka lijibu. Jembe zima hulia ngii, sauti ikakaa sikioni. Hili lilitoa pumzi tu, hee, pumzi ya mtu aliyetua mzigo. Akaligonga tena. Hee. Akaliweka chini, akajisemea kwamba ni masikio yake, amechoka.

Na kweli alikuwa amechoka, tusimsingizie. Ukoo wake ulifua majembe hapo Pahi, kwenye milima ya Warangi, tangu babu, na chuma waliyeyusha wenyewe kutoka kwenye mawe ya mlimani. Wadachi walipokuja, wachoma mkaa na wayeyushaji wakachukuliwa mmoja mmoja kubeba mizigo, na wengine wakapelekwa kuchimba njia ya reli iliyokuwa inakaribia Dodoma. Mdogo wake Halfani, Shaaban, ndiye aliyekuwa akivuta mivukuto. Mguu wake wa kushoto aliuburuta tangu utotoni, lakini mikono ilikuwa mikono. Naye akachukuliwa, akatoroka, akakamatwa, akapitishwa barabarani amefungwa shingo pamoja na wenzake saba. Halfani alisimama kando akamtazama akipita. Hata kusalimiana hawakusalimiana. Tangu siku ile hakuna habari, na mivukuto akaivuta mke wa Halfani, Mwanahawa, na mtoto wao Athuman mgongoni.

Mwisho wa kiangazi mvua zikanukia, wakulima wakataka majembe, na chuma hakuna. Dukani kwa Wahindi majembe ya Ulaya yalikuwa yamepangwa yanang'aa, na wateja wa miaka yote walikuwa wakipita mlangoni kwa Halfani wakiangalia pembeni. Ndipo akauona mnyororo. Ulikuwa umetupwa shimoni nyuma ya boma la Wadachi, umekula kutu, pete za shingo zote bado zimefungwa. Akauomba. Askari wa zamu akamwambia auondoe uchafu huo upesi.

Pete zilikuwa nane. Halfani hakuzihesabu, au alizihesabu akajifanya hakuzihesabu.

Sasa, nyumba ile ilikuwa na mwiko mmoja, na kila mtoto aliujua kabla hajajua kushika nyundo. Kitu kilichofungwa hakiingii motoni. Kufuli, kitanzi, pingu, hata fundo la waya, kwanza kinafunguliwa, kinaachwa wazi usiku mmoja, ndipo kinaonja moto. Lakini bawaba za zile pete zilikuwa zimeshikana kwa kutu, na kufungua moja tu ilikuwa kazi ya siku nzima na tindo. Halfani alijaribu moja mpaka adhuhuri. Ikakataa. Akaziingiza zote motoni zimefungwa vilevile, kila pete na kipande chake cha mnyororo, akazikunja, akaziunga, akazipiga zikawa bapa. Majembe manane. Hakumwambia mtu.

Desturi ilikuwa jembe la kwanza la chuma kipya lijaribiwe na mke wa mhunzi katika shamba lake mwenyewe. Yale saba wakulima waliyanunua siku hiyohiyo. Mwanahawa alitoka na lake asubuhi, akarudi kabla jua halijapanda. Alisema shamba limekuwa refu. Siku ya pili alisema kuna mtu anapumua nyuma yake kila anapoinama. Siku ya tatu hakwenda. Alikaa kwenye mlango wa kibanda, mikono imelala mapajani, na maziwa yalikuwa yamemkauka. Athuman alinyonya, akalia, akanyonya tena.

Saa ya jua la utosi, moto ukiwa umezimwa na kijiji kizima kimelala, ndipo vilianza vishindo. Halfani alivisikia akiwa amekaa palepale na mkewe: nyayo za watu wengi zinakuja kwa mstari, polepole, zinazunguka kibanda, hazifiki na haziishi, na pamoja nazo harufu ya kutu na jasho bichi na vidonda vilivyofungwa majani, harufu aliyoisikia mara moja tu maishani mwake, siku ile kando ya barabara, na kila zilipopita mlangoni shingo ya Mwanahawa iliinama mbele kidogo, ikarudi, ikainama, kama kuna kitu kinaivuta kwa mwingine anayetembea mbele yake. Vumbi la nje halikuwa na alama hata moja.

Halfani alimfuata shangazi yake, Mwanne, aliyejua majini ya mlima ule kwa majina. Mama yule alikuja na chetezo na ubani, akamfukiza Mwanahawa, akamfunika shuka jeupe, akauliza kwa sauti ya chini nani yumo. Halfani alikuwa amempakata mtoto.

Ndani ya shuka ikajibu sauti ambayo haikuwa ya mke wake wala ya mtu mmoja. "Tumechoka."

"Nani ninyi?"

"Tu wanane. Tunatembea. Mwambie atufungue."

Mwanne aliweka chetezo chini, akamgeukia Halfani.

"Umetia nini motoni, mwanangu?"

Halfani akasema yote. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia jini la mnyororo halina ubaya wa kwake, linabeba tu lilichoachiwa, na sasa amelifungia ndani ya chuma pamoja na watu wake na kuligawia kijiji kizima. Majembe yarudi, akasema, yote manane, yapasuliwe palepale pete zilipofungwa. La sivyo mwanamke hatafika Ijumaa ya pili.

Halfani akazunguka siku tatu. Hakupata shida ya kuyatafuta, maana kila nyumba yenye jembe lake ilikuwa imelala mchana, jiko baridi, watu wamekaa ukutani wakitazama miguu yao. Hakuna aliyemgombeza. Walimwonyesha tu kwa kidevu lilipo. Akarudi na sita, na la Mwanahawa likawa la saba. La nane lilikuwa limechukuliwa na Msafiri, mpagazi wa jirani, aliyekwenda nalo kwenye kambi ya reli Dodoma.

Mwanne mwenyewe, na uzee wake, alivuta mivukuto. Halfani aliweka jembe jekundu juu ya fuawe, akatafuta kwa tindo mahali pa komeo, akapiga. Chuma kikafunguka. Pumzi ndefu ikatoka, ikapita mlangoni, na harufu ikapungua. La pili. La tatu. Kwenye la tano Mwanahawa aliinua kichwa. Kwenye la saba aliomba uji, akaunywa, na jioni Athuman alilala ameshiba. Halfani alikaa chini kando ya fuawe akalia waziwazi, wala hakuona haya.

Kesho yake, jua la utosi, Mwanahawa aliacha kupepeta ulezi.

"Baba Athuman," alisema taratibu. "Amebaki mmoja. Anaburuta mguu wa kushoto."

Halfani alisikiliza. Hatua moja, na mburuto. Hatua moja, na mburuto. Alifunga tindo na nyundo kwenye mfuko, akamwambia mkewe atarudi kabla ya palizi.

Mvua zilikuja. Palizi ikafika, ikapita. Aliyerudi ni Msafiri, amekonda, akakaa kibandani kwa Mwanahawa akaomba maji kabla ya kusema lolote. Alisema Halfani alifika salama baada ya siku sita. Kambini majembe yalikuwa yamelundikwa, mamia, karibu yote ya Ulaya, mapya, yana mihuri. Halfani alianza kuyagonga moja moja atafute lile lisilolia. Aligonga la kwanza, halikulia. Akagonga la pili. Aligonga mpaka jua likashuka, na katika lundo lote hakuna hata moja lililolia.

Kisha aliketi. Kisha alisimama, akachukua jembe moja, akaingia kwenye mstari wa wachimbaji, na msimamizi hakuuliza kitu, mkono ni mkono. Msafiri alimwita kwa jina mara tatu. Mara ya tatu ndipo aligeuza uso.

"Alisema nini?" Mwanahawa aliuliza.

"Alisema, mwambie mama Athuman asinisubiri. Majembe ni mengi."

Mwanahawa hakulia hapo. Alimwongezea Msafiri maji, akamshukuru, akamsindikiza mpaka njiani. Aliporudi, jua lilikuwa la utosi na kijiji kimelala. Alimweka Athuman mgongoni, akaketi penye mivukuto, akasikiliza. Hatua moja, na mburuto. Na nyuma ya mburuto, karibu sana, hatua nyingine, nzito, ambayo aliijua kwa miaka tisa ikiingia mlangoni kwake kila jioni.