Mkia wa Msafara

Baiskeli nne ziliingia katika Korongo la Ng'ende asubuhi ile, na ya Tito ilikuwa ya nne. Kwa hiyo pampu yake ilipochomoka kwenye fremu, akarudi kuifuata kwa miguu, alitegemea kukuta alama za tairi zake zimelala mchangani juu ya alama za wenzake wote. Ndivyo zilivyokuwa. Ila juu ya alama zake kulikuwa na nyingine tena: tairi jembamba lisilo na meno, lililopita katikati ya mstari wake bila kuyumba hata penye mawe.

Akainua macho. Kuta za korongo zilikuwa kimya, nyekundu chini na nyeupe juu kama chokaa, na njia aliyotokea ilikuwa tupu mpaka kwenye kona. Hakukuwa na mchoma mkaa wala mtu aliyebeba muhogo. Akaokota pampu, akairudia baiskeli yake, akapanda, akaondoka kwa kasi asiyoizoea.

Ilikuwa siku ya pili ya safari ya siku tatu. Jana walitoka Mbwawa, nyumbani kwa Tito, wakalala Kibuta. Leo walikuwa wanavuka makorongo kwenda Masaki, na kesho wangemalizia Kisarawe mjini. Safari hizi za kutembeza wageni kwa baiskeli Tito aliziendesha na rafiki yake Mwinyijuma. Mwinyijuma, mzaliwa wa Masaki, alijua kila njia, hivyo alitangulia. Tito, fundi baiskeli, Mpare wa Same aliyehamia Kibaha, alikaa nyuma kuziba pancha na kuwangoja walioishiwa pumzi. "Mkia ndio roho ya msafara," Mwinyijuma alimwambia siku alipomkabidhi nafasi hiyo. Kabla yake ilikuwa ya Seifu, binamu yake Mwinyijuma, ambaye walisema malaria ilimpanda kichwani. Tito alijiona ameheshimiwa. Huyu ndiye mtu aliyesafiri naye hadi Same kumzika baba yake, akashika sepetu kama mtoto wa nyumba ile.

Wageni wa safari hii walikuwa wawili: Raudha, nesi mwenye kicheko kikubwa, na Ipyana, mwalimu mpole aliyependa kupiga picha.

Tito alikuwa hajawafikia alipoisikia. Baiskeli ukiacha kuikanyaga, gurudumu la nyuma hulia lenyewe, tik-tik-tik, na yeye aliijua sauti hiyo kama mtu anavyojua kikohozi cha mkewe. Ilitoka nyuma yake. Akasimama. Ikaendelea kidogo, kisha nayo ikasimama, karibu sana, na ikaja harufu ya asumini, si ile ya kufurahisha bali asumini iliyoozea ndani ya maji, pamoja na udongo mbichi kama wa shimo lililochimbwa leo. Akageuka. Hapakuwa na kitu. Akakanyaga, na sauti ikaanza tena, ikikaa umbali uleule akienda polepole na umbali uleule akikimbia, mpaka akawa hasikii moyo wake wala minyororo ya wenzake mbele, ila ile tik-tik-tik inayomfuata kama mtu mwenye subira ambaye anajua kwamba njia ni moja na aliye mbele yake hana pa kupinda.

Walipotoka korongoni, mtandao ulirudi na simu ikaita. Alikuwa Laurensia, mkewe.

"Baba Neema, mbona umerudi mapema na huingii ndani?"

"Nimerudi wapi? Niko njia ya Masaki huku."

Laurensia akashusha sauti. "Basi ni nani anazunguka nyuma ya nyumba na baiskeli? Nimemsikia tangu alfajiri. Hata juma lile, ukiwa umelala, nilimsikia. Nikadhani ni masikio yangu."

"Funga mlango. Mchukue mtoto muende kwa jirani. Usiniulize."

Akamwendea Mwinyijuma, akamweleza yote. Mwinyijuma alikuwa anakunywa maji. Aliyashusha taratibu, akafuta mdomo, kisha akacheka.

"Ni jua tu hilo, ndugu yangu. Kunywa maji."

Lakini hakumtazama usoni. Tito alikuja kulikumbuka jambo hilo baadaye.

Masaki walifikia kwa Bi Hamisa, shangazi yake Mwinyijuma, mganga anayetibu kwa kitabu na ubani, mama mzazi wa Seifu. Msimu wote alikuwa amesafiri na Seifu kwa binti yake, kisiwani Mafia, kwa hiyo Tito hakuwa amemwona tangu aanze kukaa nyuma. Walimkuta uani akimenya muhogo. Raudha alimwamkia, Ipyana akamwamkia, naye akawaitikia kwa furaha.

"Shikamoo, bibi," Tito akasema.

"Marahaba, baba." Macho ya bibi yakapita juu ya bega la Tito. Kisu kikamtoka mkononi. Kwa sauti ndogo, kama mtu anayemjibu mgeni asiyemtaka, akaongeza, "Marahaba na wewe."

Raudha alicheka akidhani ni utani. Bibi hakucheka.

"Msafara wenu," akamuuliza Tito, "nani hukaa nyuma?"

"Mimi, bibi."

"Kabla yako?"

"Seifu."

Bi Hamisa akainuka, akamshika Tito mkono, akamwingiza ndani. Seifu alikuwa ameketi chumbani, mgongo umebanwa ukutani, kijana wa miaka ishirini na sita mwenye mashavu ya mzee. Miaka miwili hakuwa amesema neno. Mama yake alimlisha, alimwogesha, alimsomea dua zote anazozijua bila kupata jibu, maana mganga hajigangi, na mtoto wako ni wewe mwenyewe.

Seifu alimtazama Tito, kisha akatazama nyuma ya Tito, na midomo yake mikavu ikafunguka.

"Huyo alikuwa wangu," akasema.

Bi Hamisa akapiga magoti. "Mwanangu! Nani? Sema tena."

"Mwinyi alimwambia. Nilikuwa nyuma, nilimsikia. Alimwambia, niache mimi, wa nyuma ni wako." Seifu akaanza kulia bila sauti. "Nikadhani anatania, mama."

Tito akatoka nje. Mwinyijuma alikuwa anasimamisha hema, na alipomwona anakuja hakuuliza kuna nini. Alikaa chini, kama mtu aliyekuwa anaingoja siku hii.

"Ni kweli?" Tito akauliza.

"Tito, sikiliza. Mara ya kwanza napita Ng'ende nilikuwa peke yangu. Kitu hicho kilinifuata siku nne. Kilikuwa kinanipumulia shingoni nikiswali. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

Jibu lilikuwa hilo tu, na lilikuwa la kweli, na ukweli wake ndio uliomkata Tito. Mtu huyu alipima: huyu nikimwambia atakataa, basi nisimwambie.

"Seifu alipoharibika," Tito akasema polepole, "ukaja kwangu. Ukakaa kwenye kiti changu, ukala ugali wa mke wangu, ukanishika bega. Nilikuwa ndugu yako au nilikuwa chambo?"

"Vyote," Mwinyijuma akasema, akafunika uso.

Bi Hamisa alikuwa amesimama mlangoni na alisikia kila kitu. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti kavu kwamba neno hufunguliwa na kinywa kilicholifunga. Kesho, jua likiwa utosini, watapita tena korongoni. Wageni ni lazima wapite pia, maana walishahesabiwa katika msafara. Mwinyijuma atakaa mkia, na katikati ya njia atasema, "Neno langu nimelirudisha. Wa nyuma ni mimi, Mwinyijuma mwana wa Mwanahalima." Kisha atoke bila kugeuka.

"Kitanikamata," Mwinyijuma akasema.

"Kitakukamata kwa hatua mia mbili tu. Mimi nitakuwa kwenye mlango wa kutokea na chetezo cha ubani, nitakutoa mikononi mwake. Nimekutahirisha, nimekulea, leo nashindwaje kukutoa? Utakubali?"

"Nimekubali, shangazi."

Usiku ule Tito alikaa na Seifu, migongo yao yote miwili ukutani. Hakuna aliyelala. Raudha alikuwa ameelezwa, hakucheka tena; Ipyana naye alielezwa, akaona ni hadithi tu.

Saa sita mchana waliingia. Tito alitangulia kwa mara ya kwanza, akafuata Raudha, akafuata Ipyana, na nyuma Mwinyijuma. Kuta zilikuwa zinatema joto. Katikati ya korongo Tito alisikia sauti ya rafiki yake ikipaa wazi, neno kwa neno, kama alivyofundishwa, na kifua chake kikalegea. Pamoja na yote, akawaza, mtu huyu ana chembe ya uungwana. Akatoka kwenye jua. Bi Hamisa alikuwa pale, moshi wa ubani umemzunguka. Akatoka Raudha.

Kisha akatoka Mwinyijuma.

Bi Hamisa alinusa hewa. "Yule mwalimu yuko wapi?"

"Amesimama kupiga picha," Mwinyijuma akasema, akitazama mbali. "Nilimwambia anifuate taratibu."

Kwa muda mfupi hakuna aliyeelewa. Kisha Tito akaelewa. Mwinyijuma alisema maneno yote sawasawa, halafu akampita mwalimu, akamwacha yeye awe wa nyuma. Na Tito akaona pia, kwa uwazi uliomtia aibu, kwamba mgongo wake ulikuwa mwepesi. Hakuna kilichokuwa nyuma yake. Angeweza kupanda tu baiskeli na kwenda kwa Laurensia.

Akageuza baiskeli, akarudi ndani.

Alimkuta Ipyana kwenye kona ya pili, anakanyaga huku ameng'ang'ania mpini, jasho linamtiririka, macho hayapepesi.

"Kaka Tito," akanong'ona, "nani yuko nyuma yangu?"

"Usigeuke. Pita. Nenda kwa bibi."

Tito akajibanza ukutani mpaka Ipyana akapita, kisha akashuka, akasimama katikati ya njia, nyuma ya kila mtu. Harufu ilikuja kwanza, asumini iliyooza na udongo wa kaburi, ikamjaa kinywani hata akaionja, na ile tik-tik-tik ikaja ikipunguza mwendo, tik, tik, tik, kama mtu anayemtambua jamaa yake njiani na kufurahi, ikasimama mbele ya kifua chake, na pale pasipokuwa na kitu pakawa na ubaridi wa jiwe la kisimani, na ubaridi ukamnusa, ukapanda shingoni mpaka nyuma ya sikio lake, ukangoja.

"Mimi sikukuahidi kitu," Tito akasema. Sauti ilimtoka nyembamba kama ya mtoto. "Wala huyu mwalimu. Aliyekuahidi ni Mwinyijuma mwana wa Mwanahalima. Kinywa chake kimesema wa nyuma ni yeye. Umemsikia kama nilivyomsikia mimi. Yuko mbele. Mfuate."

Ubaridi haukuondoka upesi. Ulikaa kama mtu anayefikiri. Halafu kitu kizito kikamsukuma bega, upana wa ng'ombe, na mlio ukampita ukielekea mwangani, mwanzo polepole, kisha kasi, kasi kuliko baiskeli yoyote aliyowahi kuitengeneza.

Alipotoka, Ipyana alikuwa amelala kifudifudi anatapika, Raudha amemshika kichwa. Bi Hamisa alikuwa amesimama peke yake na chetezo chake, ubani unaungua bure.

"Amekimbia," akasema. "Ulipoingia tu, alipanda akakimbia. Nilimwita mpaka sauti ikakauka. Kimepita hapa kinamfuata, nami siwezi kumtoa mtu asiyekuwepo."

Safari ikaishia hapo. Nyumbani kwa Tito kukawa kimya, na Laurensia akalala usingizi. Ipyana alipona baada ya siku mbili. Seifu alianza kuomba chai kwa maneno. Tito aliacha kupeleka wageni makorongoni, akabaki na ufundi wake pale Mbwawa. Watu walimuuliza rafiki yake yuko wapi, naye aliwaambia hajui, ambayo ilikuwa kweli.

Mwezi wa pili tangu siku ile, baada ya alasiri, Mwinyijuma alibisha hodi. Alikuwa amekonda hadi shati limemning'inia. Hakukaa kwenye kiti, aliegemea ukuta.

"Shangazi yuko tayari kunitoa," akasema. "Ila anataka kwanza nikae mbele ya Seifu nimwambie mwenyewe nilichomfanyia. Siwezi, Tito. Nikimtazama nitakufa."

"Hutakufa. Twende. Nitakaa ubavuni kwako mpaka umalize."

Mwinyijuma alimtazama muda mrefu, machozi yakamjaa. "Baada ya yote?"

"Baada ya yote."

Wakatoka, bega kwa bega, kuelekea kituo cha bodaboda. Tito alimshika mkono, na mkono ulikuwa baridi. Kwa hatua kadhaa ilikuwa kama zamani. Mwinyijuma hata alimuuliza habari za mtoto. Walipofika mahali ambapo njia inabanwa na ua wa minyaa upande huu na mtaro upande ule, pa kupita mtu mmoja tu, Tito alimwachia mkono ili wasimame, wapange namna ya kupita.

Mwinyijuma akarefusha hatua, akaingia mbele.

Hakuwa ameteleza. Hakuwa amesahau. Tito aliona mabega yake yalivyokaza, mabega ya mtu anayesikiliza kama anayemfuata bado yuko nyuma yake, na akajua kwamba hata machozi yale yalikuwa njia ya kumfikisha hapa, awe tena wa nyuma. Akasimama palepale. Hakuingia.

"Mwinyi," akaita. "Rudi. Tupite kwingine, pamoja."

Mwinyijuma hakugeuka. Akatembea haraka, kisha akaanza kukimbia, mikono imefunika shingo, mpaka akapotea nyuma ya minyaa.

Tito alirudi nyumbani polepole. Laurensia alikuwa amesimama getini na mtoto kiunoni, anakodolea macho njia ile.

"Kuna nini?" akauliza. "Mbona wale wawili wanakimbia?"

Tito akamwingiza ndani, akafunga geti.