Mguu wa Mshale

Kila asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, Mshale alikimbia mizunguko kumi na miwili kwenye uwanja wa shule. Baba yake, fundi mwashi, alisimama kando akimhimiza. Jioni msichana huyo wa miaka kumi na miwili alirudi tena uwanjani. Hakuwa na siku ya kupumzika.

Wenzake walimpa jina hilo alipowaacha mbali wasichana wa shule tano, akiwa darasa la nne tu. Tangu hapo baba akampigia marufuku michezo mingine yote. Netiboli akaachishwa, kuogelea akakatazwa, hata kuruka kamba na wenzake kukawa kosa.

"Mshika mbili moja humponyoka," baba alisema. "Wewe ni wa mbio. Mengine waachie wenzio."

Maumivu yalianza kama kichomi kidogo kwenye muundi wa mguu wa kulia. Baadaye yakawa hayaondoki, hata akiwa amelala. Siku moja nahodha wa netiboli, rafiki yake wa tangu utotoni, alimwona akichechemea.

"Una nini?"

"Nimejikwaa."

"Juzi pia ulijikwaa. Hayo macho umeyaazima?" Kisha akaacha mzaha. "Mwambie baba yako."

"Nilimwambia. Akasema ni uvivu unanitoka mwilini."

Siku ya mashindano ya shule zote, Mshale alikuwa wa kwanza hadi mzunguko wa tatu. Ghafla mguu ukalia kama kijiti kikavu kinachovunjwa. Akaanguka kifudifudi vumbini.

"Inuka!" baba alipaza sauti huku akimkimbilia. "Inuka mwanangu, umebakiza mzunguko mmoja!"

Alipofika karibu na kuuona ule mguu, akapiga magoti na kumbeba mikononi.

Hospitalini, daktari aliinua picha ya mfupa kwenye mwanga. "Binti, umeanza kuumwa lini?"

Mshale alimtazama baba yake. "Leo tu."

"Mfupa huu ulikuwa na ufa wa siku nyingi. Leo umemalizika tu."

Baba akainamisha kichwa. "Ni wiki sita, daktari. Aliniambia. Mimi ndiye niliyekataa kusikia."

Daktari hakumkaripia, ila aliitazama saruji iliyokauka kwenye viatu vyake. "Fundi, ukuta ukibebeshwa mzigo wote upande mmoja, inakuwaje?"

"Hupasuka."

"Basi mifupa ya mtoto bado inakua. Mbio peke yake, mwaka mzima, hupiga palepale kila siku. Angeogelea, akadaka mpira, akaruka kamba, kila kiungo kingepata kazi yake na zamu yake ya kupumzika."

Mshale alikaa na plasta miezi mitatu. Nafasi yake katika timu ikachukuliwa na msichana mwingine. Alilia mpaka machozi yakamkauka, baba akiwa amekaa kando ya kitanda.

Plasta ilipotolewa, mguu ulikuwa mwembamba kama mwiko. Daktari akamruhusu kuogelea kwanza, kisha netiboli. Mpira wa kwanza ulimpiga puani, na nahodha akaangua kicheko. Mshale naye akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Mwaka uliofuata alirudi kwenye mbio, siku tatu tu kwa wiki. Alimaliza wa nne. Siku za baridi mguu bado ulimuuma.

Katika mkutano wa wazazi, mama mmoja aliomba mwanawe aachishwe kila kitu isipokuwa soka. Fundi mwashi akasimama.

"Mama, usinifuate mimi nilikopita," alisema. "Mtoto wangu alikuwa anaumia, mimi nikawa natafuta bingwa. Mwacheni mtoto acheze michezo mingi, mwili wake ukue wote na moyo wake ufurahi. Akifikia umri wa kuchagua, atachagua mwenyewe. Na akikwambia anaumwa, msadiki siku hiyohiyo."