Weka Mezani

Katika kiwanda kile cha nyama, kisu hakikupokelewa mkono kwa mkono. Mwenye nacho alikiweka mezani, akakiachia, akasema "mezani," ndipo mwenzake akakichukua. Wageni walicheka siku ya kwanza. Siku ya pili hawakucheka.

Aliyeisisitiza sheria hiyo kwa kelele kuliko wote ni Paja, mkata mapaja ya ng'ombe, mtu wa makamo mwenye mdomo wa kuchekesha hata mzoga. Na ndiye aliyejisahau.

Asubuhi moja alikuwa akisimulia kisa cha mama mkwe wake na kiti kibovu. Mkono wa kulia ulizuia paja lililotaka kuchomoka kwenye ndoana. Wa kushoto, ambao ungepaswa kuwa na glavu ya chuma, ulikuwa mtupu, kwa sababu glavu ilikuwa ya baridi na yeye alikuwa mvivu. Akaunyoosha nyuma bila kugeuka.

"Kibonge, kisu."

Mpini ukatua kiganjani.

"Asante." Akakihamishia kulia, akashika paja kwa kushoto, akaendelea kukata na kusimulia.

"Kaka," Kibonge, mpasua mbavu, akamwambia taratibu. "Damu."

"Ngoja, sijafika penye utamu. Hiyo ya ng'ombe."

"Ng'ombe havai pete, kaka."

Paja akatazama chini. Kidole cha pete kilikuwa wazi mpaka ndani, na hakikuuma. Kisha akagundua jambo jingine: Kibonge alikuwa amesimama mbele yake.

"Si ulikuwa nyuma yangu wewe?"

"Nyuma yako kuna mlango wa chumba cha baridi. Na umefungwa."

Daktari alishona kidole, naye Paja akaitazama sindano kama mtu anayetazama viraka vya suruali ya jirani. Mkono ulikuwa umekufa ganzi mpaka kwenye kifundo. Ulining'inia tu, kama umeazimwa.

Baada ya hapo, wafanyakazi wakaanza kusikia kisu kikinolewa ndani ya chumba cha baridi, shraa, shraa, na wakifungua hawakuti mtu, ila harufu ya chuma kilicholowa na ubani uliozimika. Paja alikuwa hajui mkono wake umeshika nini mpaka autazame. Akiwa anakula, anakuta kisu. Akiwa anafunga kamba za buti, anakuta kisu. Hata vichekesho vilimtoka bila ladha, na watu wakacheka kwa adabu.

Kisha ikaja siku aliyomwegemea Kibonge begani, kama kaka na mdogo wake.

"Kaka," Kibonge akanong'ona bila kutikisika. "Ondoa hicho kitu shingoni mwangu. Polepole."

"Kitu gani?"

Shangazi yake Kibonge alikuwa mtabibu wa kienyeji. Alikuja saa ya chakula cha mchana, akanusa mlango wa chumba cha baridi, akauliza swali moja.

"Ulipopewa kile kisu, mwanangu, ulisema nini?"

"Nilisema asante, shangazi."

Mama yule akafumba macho. "Basi mlikubaliana. Huyo ni jini. Anatoa kisu, anachukua mkono. Akikupa tena, usifumbe kiganja. Mwambie kama mnavyoambiana hapa. Ukikipokea mara ya pili, atamwua mwenzako kwa mkono wako."

"Lakini mkono wenyewe sijui kama umefumba au umefumbua."

"Nitakuangalia mimi," akasema Kibonge, akasogea karibu, ingawa shingo iliyokuwa hatarini ni yake.

Paja akaupa mlango mgongo, akanyoosha mkono nyuma, na pale alipotarajia hofu hapakuwa na kitu, ila mlio wa kunoa uliotoka ndani, ukapita ukutani, ukaja mpaka nyuma ya sikio lake, shraa, shraa, ukanyamaza, na harufu ya ubani ikamjaa kooni huku akimtazama Kibonge usoni, kwa sababu uso ule ndio ulikuwa kiganja chake sasa, na uso ule ukakunjamana.

"Kipo," Kibonge akanong'ona. "Vidole vinafumba. Kaka, vinafumba."

"Weka mezani," akasema Paja.

Kisha chuma kikagonga meza, kong, na kiganja kilichokufa ganzi kikaanza kuwasha.

Alirudi nyumbani akijikuna kama mtu aliyezawadiwa upele. Mkewe alikuwa jikoni amempa mgongo, mkono wa kulia unakoroga sufuria, mdomo unakoroga habari za jirani.

"Umerudi, baba watoto? Nipe kisu hicho." Akanyoosha mkono wa kushoto nyuma.

Paja alikuwa bado mlangoni, anavua viatu.

"Asante," akasema mkewe. "Mbona mkono wako wa baridi hivyo?"

Akakihamishia kulia, akashika kitunguu, akaanza kukata huku akicheka peke yake, na ubao ukaanza kubadilika rangi.

"Mke wangu," akaita Paja. "Kiweke mezani."

"Ngoja," akasema mkewe, akikata. "Sijafika penye utamu."