Wa Tisa Ukingoni

Mama yangu mdogo, Tamar, alikuwa akipalilia mpunga wake pale Kulesa siku mumewe alipopotea. Ulikuwa mwaka wa hamsini na sita, asubuhi ya jua jema. Komora alikuwa anavuka Tana kwa mtumbwi, anarudi nyumbani. Tamar alipoinua kichwa alimwona ameshuka katikati ya mto, amesimama wima, maji yanamfika kiunoni, mahali ambapo hata upondo mrefu haugusi chini.

Kisha Komora akatembea. Alipanda mto, kinyume cha mkondo, bila kugeuka.

Mtumbwi uliokotwa. Yeye hakuonekana tena.

Ng'ambo, mwanamke wa Kiorma aitwaye Darmi alikuwa ananywesha ng'ombe. Aliwaambia wazee kwamba aliona mwanamke mwenye leso nyekundu nyuma ya Komora, amemshika shingo, anamsukuma. Leso ya Tamar ilikuwa nyekundu.

Laban, kaka yake Komora, hakutaka kusikia zaidi. Alisema mchawi huweza kuwa mahali pawili. Yeye na wazee wakamvunjia Tamar nyumba mchana kweupe, mimi nikitazama. Nilikuwa mke mgeni pale, nikafunga mdomo. Hasira ile ninayo mpaka leo, juu yao na juu yangu. Hakuna hata mmoja aliyejisumbua kuvuka akasimame aliposimama Darmi.

Tamar ndiye aliyesema. "Kabla hamjanifukuza, tubadilishane mahali na Darmi. Mimi niende kwake, yeye aje kwangu."

Siku ya pili wakavushwa. Darmi alisimama kwenye mpunga, akamtazama Tamar kule ng'ambo. Alitazama sana.

"Sura haionekani," alisema polepole. "Mimi siku ile naona leso tu. Sura nimeweka mwenyewe."

"Maneno ya mwanamke hugeuka," Laban akasema.

Nilitaka kumpiga.

Ndipo Tamar akaita kutoka ng'ambo. Sauti ilikuja juu ya maji, nyembamba.

"Mko wangapi hapo?"

Tulijihesabu. "Wanane."

Akatuhesabu kwa kidole, mmoja mmoja.

"Mimi naona tisa."

Hakuna aliyecheka. Darmi akanishika mkono.

"Wa tisa yuko wapi?" nikauliza.

"Nyuma ya Laban. Amelowa. Amemwekea mkono shingoni, kama alivyosema Darmi."

Tuligeuka. Hakukuwa na mtu. Laban peke yake, midomo imemkauka, hataki kugeuka.

"Anatuchezea," alinong'ona. "Mfukuzeni."

Wakamfukuza. Walisikia nilichosikia, wakachagua kuona walichokwisha kukiona. Tamar hakurudi upande wetu hata kuchukua jembe. Watu wa Darmi walimsindikiza hadi kijiji cha Chara, akazeeka huko. Mpunga aliuvuna Laban.

Lakini mimi nilibaki ukingoni wenzangu walipoondoka. Ardhi ilikuwa kavu, mvua haijanyesha mwezi mzima. Pale aliposimama Laban, nyuma ya visigino vyake, palikuwa na nyayo mbili za maji. Mtu asiye na viatu.

Nyuma ya hizo, nyingine. Na nyingine.

Nilidhani zimetoka mtoni. Hazikutoka mtoni. Nilizifuata juu, kupitia migomba, mpaka kijijini. Zilianzia ndani ya nyumba ya Laban, kando ya kitanda chake, na udongo pale ulikuwa bado unabubujika maji. Kilichomchukua Komora kilitoka humo, si kwa Tamar.