Marahaba ya Mzee Hezekia

Kila siku saa kumi na moja alfajiri Vaileth aliwasha moto, akateleka uji wa ulezi, kisha akaingia chumbani kwa babu yake. Alipiga magoti kando ya kitanda na kusema, "Shikamoo, babu." Halafu alingoja. Mzee Hezekia alipatwa na kiharusi mwezi wa tatu, na tangu alipotoka hospitalini Mikumi hakuweza kusema wala kuinua mkono wa kulia. Baada ya muda kidole gumba cha mkono wake wa kushoto kiliinuka taratibu. Hiyo ndiyo ilikuwa marahaba yake.

Mama yake Vaileth alifanya kibarua cha kuchambua mbegu Kilangali, akirudi nyumbani Kisanga Jumamosi tu. Siku nyingine Vaileth ndiye aliyemwosha babu, akamgeuza ubavu asipate vidonda, akamlisha uji kijiko kwa kijiko. Uji ule haukuharakishwa, maana ungempalia. Kwa hiyo alichelewa shule karibu kila siku.

Waliochelewa walimwagilia miche mpaka kipindi cha kwanza kiishe. Kipindi hicho kilikuwa cha hisabati, na mtihani wa darasa la saba ulibakiza wiki sita. Vaileth, aliyezoea kushika nafasi ya tatu, sasa alizitazama hesabu za ubaoni kama mgeni.

Watu walijua mzee aliugua. Hawakujua kwamba sauti haikurudi. Zamani alikuwa mkali wa salamu, na mtoto aliyempita bila kumwamkia aliitwa arudi. Siku moja Vaileth alimketisha kibarazani aote jua. Kulwa, msichana anayeketi naye dawati moja, akapita na kumwamkia. Alipoona kimya, alikwenda kusema darasani kwamba babu yake Vaileth siku hizi anaringa. Tangu hapo Vaileth hakumtoa tena nje.

Jumanne moja Mwalimu Marciana alimuuliza sababu ya kuchelewa.

"Mto ulijaa, mwalimu."

Kulwa akaguna. "Mto upi? Huu tunaochimba mchanga kutafuta maji?"

Darasa lilicheka. Mwalimu hakucheka. Alisema tu kwamba jioni angepita kwao akauone mto huo.

Alikuja kweli. Alisimama mlangoni mwa chumba akamwamkia mzee. Kimya. Akarudia kwa sauti zaidi, kisha akageuka kama anayetaka kuondoka. Vaileth alikuwa ameshika bakuli. Angeweza kunyamaza, mwalimu naye akaenda akiamini kwamba mzee anaringa. Akaliweka bakuli chini.

"Mwalimu, ameitikia," alisema. "Tazama kidole."

Mwalimu alipiga magoti, akaamkia upya, akangoja. Kidole kikainuka.

Ndipo Vaileth alipolia na kueleza yote. "Niliogopa mkijua mtasema niache shule nimwangalie," alisema.

Mwalimu alimketisha kando yake. "Kumbe kwa ile miche nilikuwa nakunyima hisabati. Nami nilipaswa kuuliza mapema."

Jumamosi alizungumza na mama yake Vaileth. Mhudumu wa afya wa kijiji alikuja kuwaonyesha mazoezi ya kumnyoosha mzee viungo. Mama yake Kulwa, ambaye hupita na maziwa kila asubuhi, alikubali kumlisha mzee uji mpaka aumalize, na jirani akaahidi kumwangalia mchana. Hesabu zilizompita Vaileth, mwalimu alimfundisha baada ya masomo.

Kisha, kwa ruhusa ya Vaileth, mwalimu alilieleza darasa. Alisema kumtunza mgonjwa ni kazi ya heshima, lakini si mzigo wa mtoto mmoja. "Ukikuelemea, mwambie mtu mzima unayemwamini, na umwambie kweli," alisema. "Hakuna anayeweza kumvusha mtoto mto ambao haupo."

Asubuhi iliyofuata Mzee Hezekia alikuwa kibarazani tena. Kulwa alisimama njiani, mkoba begani.

"Shikamoo, babu."

Hakuondoka. Alisimama palepale mpaka kidole kilipoinuka, kisha yeye na Vaileth wakaenda shule pamoja. Kengele ilikuwa bado haijalia.