Control na Z ya Mwambire

Ndugu zangu, nyumba ya Mwambire kule Marereni ilikuwa nyumba tulivu. Alasiri moja bibi yake, Hawe Kahaso, alikaa barazani akimenya mihogo. Siku nne mfululizo alikuwa amemtajia mjukuu wake majina ya jamaa wote waliozikwa shambani kwao, na Mwambire akayachapa kwenye kompyuta. Kesho yake orodha ilitakiwa mbele ya kikao cha ardhi. Bila hiyo, shamba lingehesabiwa kuwa halina wenyewe.

Mwambire alitaka kukuza herufi. Akabonyeza Control na A, maandishi yote yakakolea buluu. Basi kidole kikateleza, kikagusa K. Kurasa tisa zikatoweka, ikabaki K moja peke yake.

Mkewe Sidi, anayefundisha kompyuta mjini Malindi, aliona.

"Baba Kambi, ngoja kwanza," alisema taratibu. "Bonyeza Control na Z, yatarudi yote."

Kumbe walikuwapo wageni wawili wakinywa chai. Mwambire aliona haya kuelekezwa na mke mbele za watu. Bwana huyu, ambaye hata kuwasha kompyuta alifundishwa na Sidi huyo huyo, akajibu kwamba anajua afanyalo. Akahifadhi, akafunga, akidhani akifungua yatarudi. Alipofungua tena, alikuta K ile ile, na Control na Z sasa haikurudisha kitu.

Hawe Kahaso hakumkaripia. Aliweka kisu chini, akamwita Sidi aje aandike yeye.

Wakaanza upya. Lakini kwao mjukuu hupewa jina la babu: Kazungu wa Sanga, Sanga wa Kazungu, majina yakizunguka kizazi hadi kizazi. Bibi alichoka, akapotea njiani, akarudi nyuma, akapotea tena. Orodha iliyopatikana ilitosha kuliokoa shamba. Ila majina ya watoto wawili wa marehemu dada yake, yaliyokuwamo mwanzo, hayakukumbukwa tena, na hakuna mwingine aliye hai aliyewajua.

"Nimewatunza kichwani miaka sitini," bibi alimwambia mjukuu wake. "Wewe nilikupa siku nne."

Mwambire aliinamisha kichwa, machozi yakamtoka.

FUNZO

Wanaume wenzangu, kukosea kitufe kunamtokea yeyote. Mkeo akikwambia ngoja, ngoja. Aibu ya Mwambire ingekwisha kabla chai ya wageni haijapoa. Wale watoto wawili sasa wamelala shambani bila majina.