Koki ya Shaba

Siku ya kwanza Ngina na Sifuna kukutana, walitukanana. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Makongeni, Thika, ndani ya duka la Maggie la vifaa vya ujenzi, watu wamejaa hadi mlangoni wakigombania misumari na rangi. Ngina alikuwa amevaa gauni la kitenge la kijani, raba nyeupe, na uso wa mtu aliyeamkia upande mbaya.

"Nataka koki ya plastiki," alimwambia Maggie. "Isiwe na chuma hata chembe. Hata skrubu."

Nyuma yake mtu akacheka. Alikuwa jamaa mrefu, ovaroli ya buluu imepigwa pasi hadi ikakata mistari, spana mfukoni.

"Madam, hiyo ni ya kumwagilia sukuma wiki. Miezi mitatu imepasuka, unaanza kulia."

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna. Nasaidia tu."

"Basi nisaidie kunyamaza."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Sifuna angevumilia kunyamazishwa kuhusu siasa, hata kuhusu mpira, lakini si kuhusu mifereji.

"Na hayo maji yanaogopa chuma ni ya nini? Ya ubatizo?"

"Ya matumbawe. Wanyama wa baharini, wanafanana na mawe."

"Bahari gani, Thika hii?"

"Ruiru," Ngina akajibu kwa dharau, kana kwamba hilo lilieleza kila kitu.

Maggie alikuwa mwanamke asiyependa kelele zisizouza kitu. "Ngina, huyo anaitwa Sifuna, na hakuna fundi wa mifereji anamshinda hapa. Mchukue, ama mtoke nje mkapigane huko. Nina wateja."

Ngina akamchukua, huku amenuna.

Alikuwa msaidizi wa utafiti katika maabara ndogo huko Gitothua, Ruiru, jengo lililokuwa zamani stoo ya chakula cha kuku. Maji ya bahari waliyakoroga wenyewe kwa magunia ya chumvi, na ndani ya matangi waliweka matumbawe yaliyoletwa kutoka pwani. Kazi ya Ngina ilikuwa kutoa seli shina kwenye matumbawe hayo, zile seli changa zinazoweza kugeuka sehemu yoyote ya mwili, na kuzilea kwenye visahani, ili siku moja zisaidie kuponya matumbawe yanayouawa na joto la bahari. Nyingi hufa mapema. Za Ngina zilikuwa zimefikisha miezi kumi. Daktari Ndinda, mkuu wa maabara, alikuwa amemwambia bila kuzunguka: zikifika mwaka, ana kazi ya kudumu, zisipofika, mkataba unaisha na kila mtu aende kwao.

Sifuna alianza kazi Jumatatu. Jioni hiyo hiyo simu zikaanza.

"Madam Chumvi, umekula?"

"Fundi, hujamaliza kazi yangu, unauliza mambo ya chakula?"

"Namaliza Jumatano. Jumamosi twende Kamakis."

"Kufanya?"

"Kugombana. Lakini na nyama."

Ngina aliapa haendi, kisha akavaa gauni jeusi, lile la kubana, na kwenda. Waligombana juu ya mbavu, juu ya kachumbari, juu ya nani anaongea sana kati ya Wabukusu na Wakikuyu. Alicheka mpaka akashika meza. Mara ya tatu kwenda huko, yeye alikuwa "mpenzi" na Sifuna alikuwa "mjinga wangu". Mapenzi yao yalikuwa na kelele, na mimi ninayesimulia siyalaumu kwa hilo. Nayalaumu kwa kitu kingine, na nakuja hapo.

Ile Jumatano ya kumaliza kazi, Sifuna alipokuwa akipangusa mikono, alimwambia hivi: "Nimekufungia kitu cha maana hapo ukutani. Hakitavuja mpaka watoto wetu wamalize chuo."

Ngina akaona haya kama msichana wa shule. Kulikuwa na fomu ya ukaguzi yenye mstari mmoja wa maana: hakuna chuma kinachogusa maji. Sheria ilikuwa ufungue kwa bisibisi kila kisanduku cha koki ukutani, uone kwa macho yako. Lakini kisanduku kilikuwa kimefungwa vizuri, na aliyekifunga alikuwa akimtazama kwa yale macho. Akatia sahihi.

Wiki tatu baadaye matumbawe yakaanza kutoa ute, kisha yakawa meupe. Seli shina, zilizolishwa maji ya matangi hayo hayo, zikafa sahani baada ya sahani kwa siku nne. Ngina alipima chumvi, akapima joto, akapima mwanga. Mwisho akapima shaba, kwa kuwa sumu hiyo inaua matumbawe hata ikiwa kidogo. Akadondosha dawa kwenye kichupa cha maji ya tangi. Maji yakageuka buluu: shaba imo.

Akachukua bisibisi. Nyuma ya kifuniko ilikaa koki ya shaba, nene, nzito, imeanza kuota kutu ya kijani. Akampigia simu.

"Sifuna, ulifunga nini huku?"

"Umeiona, mpenzi! Plastiki ingekupasukia. Nikajiambia, huyu si mteja tu, nimfungie ile ningefunga kwangu."

"Nilikwambia plastiki!"

"Si nilikuwekea nzuri zaidi?"

"Umeniulia seli zote! Zaidi ya miezi kumi, Sifuna!"

"Ngoja kwanza. Miaka kumi na mbili nafunga shaba Thika nzima, watu wanakunywa hayo maji na wanazaa."

"Matumbawe si watu wa Thika!"

"Sasa unanipigia kelele hivi juu ya mawe?"

Ngina akashusha sauti, na hiyo ndiyo iliyomtisha Sifuna. "Usinipigie tena. Ukiniona Makongeni, vuka barabara."

Daktari Ndinda hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Ulifungua kisanduku kabla ya kutia sahihi?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Angesema nini? Kwamba fundi ana macho mazuri?

"Niandikie maelezo. Ijumaa ya wiki ijayo niyasome, halafu tuagane."

Sifuna naye alikuwa akivimba Makongeni, akimweleza Maggie jinsi wanawake hawana shukrani. Maggie hakumwonea huruma.

"Umewahi kufunga shaba kwa maji ya chumvi?"

"Maji ni maji."

"Nimekuuliza."

Sifuna alienda nyumbani, akakoroga chumvi kwenye ndoo ya maji, akatumbukiza koki mpya ya shaba. Siku ya tatu koki ilikuwa na madoa ya kijani. Siku ya sita maji yenyewe yalikuwa na rangi. Aliona aibu, akachota maji yale kwenye chupa.

Ijumaa, Ngina akiwa amesimama mbele ya meza ya Daktari Ndinda, mlango ukabishwa. Sifuna aliingia na shati la kanisani na chupa ya maji ya kijani.

"Daktari, mimi ndiye fundi. Huyu alisema plastiki. Mimi nikajifanya najua kuliko mwenye maji."

"Nani amekuita?" Ngina akafoka.

"Hakuna. Nasaidia tu."

Daktari Ndinda aliitazama chupa, kisha akawatazama wao. "Sahihi ni ya nani?"

"Yangu," Ngina akasema.

"Basi nina wapumbavu wawili." Akafunga faili. "Ngina, miezi mitatu. Seli mpya, unaanza siku ya kwanza. Kazi ya kudumu sahau kwa sasa. Na wewe fundi, utang'oa kila ulichogusa, ufunge upya, bure. Huyu atakukagua."

Akamkagua siku tatu bila salamu.

"Fungua."

"Nimefunga sasa hivi, Ngina."

"Fungua."

Alifungua. Ngina alimulika tochi kila kiungo, akagusa, akaandika. Siku ya tatu alasiri, koki ya mwisho ilipokwisha, Sifuna hakukusanya vifaa. Alinyoosha ngumi, akaifungua. Kiganjani palikuwa na pete.

"Toa chuma humu ndani!" Ngina akaruka.

"Si chuma. Ni bomba la plastiki. Nimelikata, nimelipiga msasa." Akaisogeza karibu naye. "Nakupenda, Ngina. Nataka kukuoa. Najua umekasirika. Olewa ukiwa umekasirika, mimi nitazoea."

Ngina aliichukua, akaipeleka dirishani, akaigeuza pande zote. Kisha akaitumbukiza kwenye kichupa cha maji ya chumvi, akadondosha dawa, akatazama saa. Zilipita dakika tano. Sifuna alisimama akitokwa jasho kama mtu anayesubiri hukumu.

Maji hayakubadilika rangi.

Ngina akavuta daftari la ukaguzi, akaandika: Pete moja. Plastiki. Nimeona kwa macho yangu. Akatia sahihi.

"Sijakusamehe," alisema, akiivaa.

Sifuna akanyoosha mkono amshike.

"Nawa kwanza."

Akaenda akanawa.